Nimejifunza kufuma soksi nikiwa na watoto wawili wadogo: tuelekezane hapa

mama_wa_wawili

Habari zenu wapendwa.

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ana mwaka mmoja na miezi mitano. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa sijawahi kushika sindano ya kufumia. Leo nina soksi moja ya mtoto iliyokamilika kabisa na ya pili iko kwenye sindano, imeshavuka kisigino. Nafungua mada hii kwa ajili ya mama au baba mwingine anayetamani kuanza lakini anasema "ngoja watoto wakue kwanza".

Maelekezo mengi niliyokutana nayo yanaanza na "tafuta mahali patulivu". Mimi sina mahali patulivu. Nina dakika sita wakati mdogo anachezea vikombe, dakika nne wakati mkubwa yuko chooni akinisubiri nimwite, na nusu saa usiku kama wote wamelala kwa wakati mmoja.

Ninachotaka kusema ni hiki: kilichonisumbua si kisigino kama watu wanavyotishana. Kilichonisumbua ni kuacha. Mtoto akilia nilikuwa naitupa kazi pale pale, katikati ya sindano. Nikirudi sijui nilikuwa naelekea wapi, nageuza upande usio sahihi, natoboa tundu, nafumua. Wiki mbili za mwanzo zote zilipotelea hapo. Siku nilipojifunza kuacha vizuri ndipo soksi ilianza kurefuka.

Mambo matatu yalinisaidia.

La kwanza, simalizi mzunguko, namaliza sindano. Soksi ya mkubwa ina vitanzi 36 kwa mzunguko. Natumia sindano fupi tano zenye ncha pande zote mbili: nne zinabeba vitanzi, ya tano inafuma. Kwa hiyo kila sindano ina vitanzi 9 tu, na vitanzi 9 havichukui hata dakika moja. Mwanangu akiniita namwambia "subiri mama amalize sindano", halafu tunahesabu pamoja kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Tukifika tisa nasimama. Sasa ameshajua kwamba tisa inafika, kwa hiyo anasubiri. Wakati mwingine anaweka kidole juu ya kitanzi cha mwisho kunionyesha pale nitakapoishia.

La pili, hata ukilazimika kuacha katikati, uzi wenyewe unakuambia ulikuwa wapi. Shika kazi mkononi, tafuta uzi unaotoka kwenye donge. Unaning'inia kutoka kwenye kitanzi ulichofuma mwisho, na kitanzi hicho kinapaswa kuwa kwenye sindano ya mkono wa kulia. Kama uko kushoto, umeishika kinyume, igeuze. Laiti ningeambiwa hili siku ya kwanza!

La tatu, naandika. Nina kipande cha karatasi kwenye mfuko wa kazi, kila mzunguko ninaomaliza napiga kijistari. Kichwa cha mtu aliyeamshwa mara mbili usiku hakikumbuki kama huu ni mzunguko wa 7 au wa 8.

Naomba wenye uzoefu mniongezee, na wanaoanza waulize bila kuogopa.

---

mgeni_wa_sufu

Asante sana mama. Mimi ndiyo kwanza naanza, nina mtoto wa miaka mitatu na ujauzito wa miezi sita. Naomba kuuliza: umetumia uzi gani na sindano za namba ngapi? Niliona soksi nzuri za mtu mzima nikataka kuanza nazo, za mume wangu.

---

mama_wa_wawili

Hongera sana kwa ujauzito mpenzi. Nakushauri kwa moyo wote usianze na za mume.

Angalia hesabu. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba wa soksi ina kama vitanzi 64 kwa mzunguko, kwa sindano za milimita 2.5 au hata 2.25. Ukijumlisha soksi nzima ni vitanzi kama 10,000, na hiyo ni mguu mmoja. Soksi ya mtoto wa miaka minne kwa uzi wa unene wa kati ni vitanzi 36 kwa mzunguko, na yote haizidi sana 3,000. Utapita hatua zote zile zile, ukingo, kisigino, unyayo, ncha, lakini utazimaliza wakati bado unakumbuka ulivyoanza. Na kosa lolote utakalofanya kwenye ya mtoto utalirekebisha kwenye ya pili wiki hiyo hiyo.

Uzi: sufu iliyochanganywa na nailoni ndiyo bora kwa soksi. Nyuzi nyingi za soksi ni sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Sufu inaleta joto na kuvutika, nailoni inazuia kisigino kisitoboke mapema. Angalia lebo uone kama umeandikwa kwamba unafulika kwa mashine. Sufu ambayo haijatayarishwa kwa hilo, ukiiosha kwa maji ya moto na kuisugua, inasinyaa na kuwa ngumu kama blanketi zito, hairudi tena. Na mwenye watoto wadogo anajua soksi zinafuliwa mara ngapi kwa wiki.

Chagua rangi ya kung'aa, moja, isiyo nyeusi wala bluu iliyokolea. Usiku chini ya taa huwezi kuona vitanzi vyeusi.

Sindano: mimi natumia milimita 3.25. Uzi huo huo kwa sweta ungefumwa kwa milimita 4, lakini soksi inatakiwa ishikane vizuri ili isiishe upesi, kwa hiyo tunashuka namba.

Jinsi nilivyopata 36: nilimpima mwanangu mguu sehemu pana, nyuma kidogo ya vidole. Sentimita 16. Soksi inatakiwa kuwa ndogo kuliko mguu kwa kama asilimia 10 ili ibane isizunguke ndani ya kiatu, kwa hiyo nikachukua sentimita 14.4. Kipande changu cha majaribio, kitambaa kidogo nilichofuma kwanza ili nipime, kilitoa vitanzi 24 kwa sentimita 10, yaani 2.4 kwa kila sentimita. Mara 14.4 unapata karibu 35. Nikapandisha hadi 36 kwa sababu inagawanyika kwa 4. Pima mguu wa mwanao mwenyewe, usichukue namba yangu kama ilivyo.

---

bibi_mfumaji

Wanangu, nimefurahi kuona hili. Mimi nilifuma soksi ya kwanza kabla ya kuzaa, nimefuma za watoto na sasa nafuma za wajukuu. Huyu binti amesema kweli kuhusu kuacha. Sisi tulikuwa tunasema kazi hailazwi kwenye sindano nusu.

Niongeze juu ya kipande cha majaribio, maana vijana wengi wanakiruka. Na ukikifuma kwa kwenda na kurudi halafu soksi ukaifuma kwa kuzunguka, namba zinaweza zisilingane, kwa sababu mkono wako kwenye mistari ya kurudi hauvuti uzi sawa na kwenye mistari ya kwenda. Mimi huanza soksi yenyewe, nikifika sentimita 5 baada ya ukingo napima. Kama si sawa, nafumua. Kwa soksi ya mtoto hasara ni ndogo.

La pili, namna ya kuanzisha vitanzi. Wanaoanza wanakaza. Halafu soksi inakwisha, nzuri, inagoma kupita kwenye kisigino cha mtoto. Anzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukingo utalegea vya kutosha.

Na pale sindano moja inapokutana na nyingine vitanzi hulegea na kufanya mstari wa ngazi unaoshuka soksi nzima. Usikaze kitanzi cha kwanza, watu wote hukaza hicho. Kaza cha pili. Ukifuma cha pili vuta uzi kidogo na cha kwanza kitakaa sawa.

---

baba_mapacha

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili hiyo ya kukaza kitanzi cha pili, naenda kujaribu leo.

Mimi ni baba wa mapacha wa miaka miwili na nusu, nafuma wakati wamelala mchana. Naomba nitofautiane kidogo na mama_wa_wawili juu ya sindano tano. Kwa nyumba yenye watoto wadogo naona sindano moja ndefu yenye waya katikati ni salama zaidi, ile ya sentimita 80 au zaidi. Unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unavuta waya utokeze pembeni kama sikio, unafuma nusu moja, unageuza, unafuma nusu ya pili. Ukiitwa ghafla unasukuma vitanzi vyote viende kwenye waya na kuondoka. Mtoto akiivuta, vitanzi havichomoki. Na hakuna sindano ya tano ya kutafuta chini ya kochi.

Sindano fupi zenye ncha pande mbili ziliniogopesha. Mtoto wa miaka miwili anazipenda kwa sababu zinafanana na kalamu, na anakimbia nazo. Jicho halina la akiba. Mimi kazi yangu inakaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, juu ya kabati, hata kama naondoka kwa dakika moja. Na zile pete ndogo za alama situmii kabisa, mtoto anaweza kumeza au kupaliwa. Nafunga kipande cha uzi wa rangi nyingine, kinafanya kazi ile ile.

---

mama_wa_wawili

Shikamoo bibi, asante kwa kupita hapa.

Baba_mapacha, sitabishana nawe juu ya usalama, una haki. Mimi nilijaribu huo waya nikashindwa kwa sababu moja tu: nusu yake ni vitanzi 18, na mwanangu hawezi kuhesabu mpaka 18. Tisa anaweza. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote. Lakini kwa mwenye watoto wanaofikia kila kitu, sikiliza baba_mapacha.

Na lilinipata. Mdogo alichomoa sindano nzima kutoka kwenye soksi nilipoinama kuokota kijiko. Vitanzi 9 vikabaki vinatazama juu, vitupu. Nilihisi damu inapanda kichwani, nikataka kuvuta kila kitu. Kumbe sufu haifumuki kwa haraka hivyo, ina manyoya madogo yanayoshikana. Niliiweka soksi mezani, sikuivuta, nikamlaza mtoto, nikarudi baada ya saa nzima. Vilikuwa bado pale pale isipokuwa kimoja kilichoshuka ngazi tatu.

Nilivirudisha hivi: nilichukua sindano nyembamba kuliko yangu, nikavipitia vyote kimoja kimoja bila kufuma. Kile kilichoshuka nilikipandisha kwa kulabu ya krosheti, nikishika kila kijiti cha ngazi kutoka chini na kukipitisha ndani ya kitanzi. Halafu nikakagua: kila kitanzi kina miguu miwili juu ya sindano, na mguu wa kulia unatakiwa kuwa mbele yako. Viwili vilikuwa vimejipinda, nikavigeuza. Baada ya mzunguko mmoja huwezi kujua palitokea nini.

Tangu siku ile, kabla ya kuanza kisigino napitisha uzi mwembamba laini wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea, nauacha humo. Likitokea la kutokea, nafumua mpaka kwenye uzi ule, haivuki.

---

mgeni_wa_sufu

Nimeanzisha! Vitanzi 32, mguu wa mwanangu ni mwembamba. Nimefuma ukingo wa juu, viwili vya kawaida viwili vya kinyume, umefika sentimita 4. Nimeshindwa jambo moja: nikigawa vinane vinane kwenye sindano nne inakwenda sawa, lakini mama kwako 36 ukigawa tisa tisa, ukingo si unakatika katikati?

Na kisigino naomba mnieleze polepole, kama mnamweleza mtoto.

---

mama_wa_wawili

Umeona vizuri. Kwenye ukingo sikugawa tisa tisa. Niliweka 8, 8, 8 na 12, ili kila sindano ianze na vile viwili vya kawaida. Ukingo ulipoisha ndipo nikavihamisha viwe tisa tisa. Wewe kwa 32 una bahati, vinane kila mahali.

Kisigino. Naeleza kwa 36 kwa sababu nimekifanya mara nne (mbili nilifumua) na mstari wake naujua kwa moyo. Nyumbani tunaita kitanzi cha kawaida "V" kwa sababu kinafanana na herufi hiyo, na cha kinyume "nundu". Ninaposema "hamisha" maana yake kitoe sindano moja kwenda nyingine bila kukifuma.

Kwanza ulimi, kile kipande cha nyuma ya kisigino. Nusu ya vitanzi, 18, vinafumwa. Nusu nyingine vinalala kwenye sindano zao, usiviguse. Sasa huzunguki tena, unakwenda na kurudi. Upande wa nje: hamisha kimoja, fuma V kimoja, hamisha kimoja, fuma V kimoja, mpaka mwisho. Upande wa ndani: hamisha cha kwanza, vilivyobaki vyote nundu. Rudia mpaka mistari 18. Huku kuhamisha kunaweka uzi maradufu nyuma, ndiyo maana kisigino kinakuwa kinene. Pembeni utaona vitanzi vikubwa vimejipanga kama mkia uliosukwa, 9 kila upande. Vitakuja kukufaa.

Halafu kona, pale soksi inapogeuka. Hapa ndipo nilisubiri usiku mpaka wote walale, na nakuomba nawe usubiri. Ni mistari 8 tu, haifiki nusu saa.

Mstari 1, nje: hamisha 1, fuma V 9, unganisha viwili kuwa kimoja, fuma V 1. Geuza kazi. Ndiyo, geuza, ingawa vimebaki 5 hujavifikia.
Mstari 2, ndani: hamisha 1, nundu 3, unganisha viwili kwa nundu, nundu 1. Geuza. Upande huu pia vimebaki 5.

Sasa angalia sindano. Kuna pengo dogo kila upande pale ulipogeuza, linaonekana kwa macho. Tangu hapa hesabu haihitajiki tena.

Mistari 3 mpaka 6: hamisha 1, fuma mpaka kibaki kimoja kabla ya pengo, unganisha hicho na cha ng'ambo ya pengo, fuma 1, geuza. Upande wa nje kwa V, wa ndani kwa nundu.
Mstari 7 na 8: vivyo hivyo, ila baada ya kuunganisha juu ya pengo hakuna kilichobaki cha kufuma, unageuza tu.

Utabaki na vitanzi 10, na mbele yako kuna kikombe kidogo. Mimi niliingiza ngumi ya mdogo humo akiwa amelala. Ilikaa.

Sikuelewa kwa nini inageuka mpaka nilipoifanya. Unafuma mistari mifupi katikati na kuacha pembeni, kwa hiyo katikati panakuwa parefu kuliko pembeni, na kitambaa hakina njia isipokuwa kujikunja. Basi. Ukiwa unafuata maneno huku unasubiri kuelewa kwanza, utakwama. Fuata maneno, macho yataelewa mkono ukimaliza.

Kwa 32 yako: ulimi ni vitanzi 16 na mistari 16. Mstari 1 ni hamisha 1, V 8, unganisha, V 1, vitabaki 4. Mstari 2 ni ule ule wa kwangu, hamisha 1, nundu 3, na kuendelea, vitabaki 4. Endelea kuziba pengo mpaka pembeni paishe. Kwako ni mistari 6 tu, na yote inaishia kwa kile kitanzi kimoja baada ya kuunganisha. Utabaki na 10.

---

bibi_mfumaji

Umeeleza vizuri binti yangu. Nimalizie kinachofuata, maana hapo ndipo matundu huzaliwa.

Fuma vile 10 kwa V. Kisha okota vitanzi pembeni mwa ulimi, kimoja katika kila kitanzi kikubwa, 9. Ukifika pembeni ambapo ulimi unakutana na vile vilivyolala, okota kimoja cha ziada, cha kumi, kutoka kwenye uzi ulio kati yao. Hicho cha ziada ndicho kinachoziba tundu. Mzunguko unaofuata kifume kwa mguu wake wa nyuma ili kijipinde na kujifunga. Fuma vile 18 vilivyolala, kisha okota 10 upande wa pili vile vile, cha ziada kikiwa cha kwanza.

Sasa una 48. Ni vingi, soksi itaonekana pana, usishtuke. Unapunguza viwili kila mzunguko wa pili, kimoja kila upande, pale unyayo unapokutana na sehemu ya juu ya mguu. Mara 6, mizunguko 12, unarudi 36. Kwa nini tunaongeza halafu tunapunguza? Shika mguu wako mwenyewe pale kwenye kifundo, zungusha mkono kutoka kisigino kupanda juu ya mguu. Hapo ndipo mguu una unene kuliko kwingine kote. Soksi bila hiyo nafasi inakata mtoto pale.

---

kisigino_cha_saba

Mimi nasoma tu, sijawahi kuchangia, lakini hapo kwenye soksi za watoto naomba niseme jambo. Katika British Museum, London, kuna soksi ya mtoto kutoka Misri, ya karibu mwaka 300, ya mguu wa kushoto. Ina mistari ya rangi, na kidole gumba kina nafasi yake peke yake, kwa ajili ya kuvaliwa na ndara. Iliokotwa kwenye jaa la zamani la mji wa Antinoupolis. Wataalamu walipoipiga picha kwa mianga tofauti waligundua kwamba rangi zote zile zilitokana na mimea mitatu tu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa bluu, mmoja wa njano, wakizichanganya.

Haikufumwa kwa sindano kama zetu, ni ufundi wa zamani zaidi wa sindano moja yenye tundu na vipande vifupi vya uzi. Lakini kuna mtu alikaa chini miaka 1,700 iliyopita akambadilishia mtoto mdogo rangi baada ya kila mistari michache, kazi ambayo haiongezi joto hata kidogo. Nimeikumbuka niliposoma hapo juu habari ya kuhesabu mpaka tisa.

---

baba_mapacha

Kisigino_cha_saba, asante, nimemsomea mke wangu hilo.

Naomba niweke onyo hapa kabla mgeni hajaanza za mtoto mchanga. Ndani ya soksi ya mtoto mchanga pasiwe na uzi mrefu unaoning'inia, wala mapambo ya rangi yenye nyuzi zinazopita nyuma bila kushikwa. Uzi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, mtoto akiurusha mguu unazidi kukaza, damu haipiti, naye hana namna ya kusema zaidi ya kulia. Jambo hili linajulikana hospitalini, hata unywele mmoja unaweza kulifanya. Ficha ncha za uzi kwa sindano ya kushonea, zipite ndani ya vitanzi kwa sentimita kadhaa kwenda na kurudi. Kila ukimvisha, geuza soksi kwanza upitishe kidole ndani.

Na kwa wanaotembea: soksi ya sufu kwenye sakafu laini ni kama barafu. Wangu mmoja alianguka kifudifudi siku ya kwanza. Kuna rangi za mpira za kudondoshea vitone chini ya unyayo, zikikauka hazitelezi. Nikizikosa, soksi ni za kitandani na za ndani ya viatu tu.

---

mgeni_wa_sufu

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Kisigino kimegeuka!! Nilifuata maneno bila kuelewa kama ulivyosema, nikafika mstari wa mwisho, nikakiinua, kikombe hicho hapo. Nimelia, labda ni ujauzito. Nimemwamsha mume wangu kumwonyesha.

Nina tundu dogo upande mmoja, nadhani nilisahau kile cha ziada. Nifumue?

---

bibi_mfumaji

Usifumue. Mwisho ukiwa unaficha ncha za uzi, pitisha sindano ya kushonea kuzunguka tundu hilo kwa ndani, vuta taratibu, livutike mpaka lifungane. Mguu hautajua. Kufumua ni kwa kosa linalobadilisha umbo au linalofungua kitambaa. Ukingo unaokaza, fumua. Kisigino kilichokaa upande, fumua. Kijitundu, shona uendelee mbele, tumbo halingoji.

---

mama_wa_wawili

Hongera mpenzi!! Nimefurahi kama ni yangu.

Nimalizie ncha basi, ni rahisi kuliko yote. Fuma unyayo moja kwa moja, pima kuanzia nyuma ya kisigino. Mguu wa mwanangu una urefu wa sentimita 16 pia, soksi naitaka kama 15 ikiwa imelala kwa sababu inavutika, na ncha inachukua sentimita 3. Kwa hiyo nikifika 12 naanza kupunguza. Vitanzi vinne kila mzunguko wa pili, viwili kila pembeni, kutoka 36 mpaka 16. Ni mara tano.

Vile 16, vinane juu na vinane chini, vinaunganishwa kwa sindano ya kushonea kwa namna inayoiga kitanzi chenyewe, mshono hauonekani wala haumgusi mtoto kidoleni. Sitadanganya, hilo nililifanya nikitazama video na kuisimamisha kila hatua. Kama huliwezi leo, punguza mpaka vibaki 8, kata uzi, upitishe ndani ya vyote, vuta kama mdomo wa mfuko, funga kwa ndani. Kwa mtoto wa miaka mitatu inakaa vizuri kabisa.

Na jambo moja ambalo nalisema kwa uzito: siku ile ile unapomaliza ya kwanza, anzisha ya pili. Usiku ule ule. Hata kama ni mzunguko mmoja tu wa ukingo. Nilipomaliza yangu ya kwanza niliiweka dirishani siku nne nikiiangalia, na ile siku ya tano kuanza upya ilikuwa nzito kama sijawahi kufuma. Ile karatasi ya vijistari usiitupe, ndiyo itakuambia ya kwanza ilikuwa na mizunguko mingapi.

---

mama_wa_wawili

Wapendwa, ya pili imekwisha jana saa tano usiku.

Nimezipanga mezani, moja ni ndefu kuliko mwenzake kwa mizunguko mitatu. Nimeitafuta kwenye karatasi nikaiona: kuna siku mdogo alikuwa na homa na vijistari vya siku ile vimeandikwa mara mbili. Nimeziosha kwa maji baridi, nikazikamua ndani ya taulo bila kuzisokota, nikazilaza zikauke.

Asubuhi mkubwa amezikuta. Ameivaa ya kwanza mwenyewe, kisigino kikakaa juu ya mguu, nikamgeuzia. Ameivaa ya pili. Akaketi sakafuni, akaweka kidole kwenye ukingo na kuanza kuhesabu vitanzi kuzunguka. Amefika tisa, akaanza tena moja. Mara nne. Halafu akaniuliza za mdogo zitakuwa ngapi.

Nimempima mdogo akiwa ananyonya. Sentimita 13. Bibi, hesabu yangu inanipa 28, saba saba kwa sindano. Nimekosea?

---

bibi_mfumaji

Hujakosea. Anzisha.